Okot p'Bitek na Sisi Tunaosoma Fasihi ya Kiingereza



Ndugu zangu wa mwaka wa kwanza, hasa ninyi mliopangiwa fasihi ya Kiingereza, makala hii ni yenu. Miaka miwili iliyopita nilirudi nyumbani Kagarama baada ya wiki ya kwanza ya masomo nikiwa na orodha ya vitabu mkononi na uzito moyoni. Mama aliitazama ile orodha, kisha akaniuliza kwa upole hao waandishi watanifundisha nini kuhusu mimi mwenyewe. Yeye alisoma kwa Kifaransa. Mimi ni wa kizazi kilichoanza shule baada ya uamuzi wa mwaka 2008 wa kufundisha kwa Kiingereza nchini Rwanda. Sikuwa na jibu la kumpa, na wiki ile nilifikiria kwa dhati kubadili somo.

Aliyenizuia ni mtu aliyefariki kabla hata mama hajaanza shule: Okot p'Bitek, mshairi na mwalimu wa Uganda.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake alisifika kwa kuimba, kusimulia hadithi na kucheza ngoma za Kiacholi. Kwa hiyo nyumba ile moja ilikuwa na elimu mbili, ya ubao na ya jioni. Okot alisoma Gulu, akaendelea King's College Budo, karibu na Kampala, akasomea ualimu Mbarara, kisha akarudi kufundisha karibu na kwao. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 tu, alichapisha riwaya kwa lugha ya Kiacholi. Ni habari ya kijana anayekwenda Kampala kutafuta pesa za mahari, kisha anaibiwa njiani akirudi. Zingatieni jambo hilo: kitabu chake cha kwanza hakikuwa cha Kiingereza, wala hakungoja shahada ndipo aandike.

Alikuwa pia mchezaji wa kandanda. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilifanya ziara Uingereza, baadhi ya wachezaji wakicheza peku, na Okot alikuwa mmoja wa kikosi hicho. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma. Alichukua stashahada ya ualimu Bristol, akasoma sheria Aberystwyth, kisha akaenda Oxford kusomea anthropolojia ya jamii. Huko alikerwa na walimu waliowaita Waafrika washenzi na watu wa kale, mbele yake yeye aliyekuwa mmoja wao. Alipinga darasani, na walimu hawakuacha. Lakini hakufunga mizigo. Tasnifu aliyowasilisha Oxford mwaka 1963 ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, yaani nyimbo na hadithi za watu wale wale waliodharauliwa darasani. Zile jioni za mama yake zikawa utafiti wa chuo kikuu.

Aliporudi Uganda alifanya kazi Makerere. Chuo hicho kilikuwa kimetoa shahada kwa uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na mwanafunzi wa fasihi pale alianza na Waingereza na kumaliza na Waingereza. Katika hali hiyo, mwaka 1966, shirika la East African Publishing House la Nairobi lilichapisha utenzi wa Okot, Song of Lawino. Aliutunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Toleo la Kiacholi lilichapishwa baadaye, mwaka 1969. Wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa.

Msimulizi ni Lawino, mke wa kijijini ambaye hajasoma. Mumewe, Ocol, amesoma Makerere. Ocol anaona aibu kwa chakula cha mkewe, nywele zake, ngoma za kwao na hata mama yake mzazi. Lawino anajibu kwa kejeli, kwa uchungu na kwa akili. Hasemi kwamba mambo ya wageni ni mabaya kwa wageni wenyewe. Anachokataa ni mumewe kuyapokea kwa kutukana ya nyumbani. Waacholi wana methali juu ya boga linaloota kwenye mahame: watu hata wakihama, hawaling'oi, maana hakuna ajuaye nani atarudi akiwa na njaa. Utenzi mzima unazunguka fikra hiyo.

Niliusoma maktabani kwa siku mbili, nikaona haya. Ule mwezi wa kwanza, mhadhiri mmoja alituuliza ni hadithi gani tulizokua nazo. Nilinyamaza. Nilikuwa na bibi yangu wa Biryogo, aliyetuketisha jioni na kutegea vitendawili vya Kinyarwanda, akisema sakwe sakwe nasi tukijibu soma, kisha akageukia Kiswahili na kaswida. Niliona hayo si ya kusema chuoni. Nilikuwa na wiki tatu tu za masomo, na tayari nilikuwa Ocol.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hulipita haraka. Aliyemtunga Lawino alisoma kuliko Ocol. Alikaa Uingereza miaka kadhaa na kufika Oxford. Kama kusoma kwa Kiingereza kungemfanya mtu adharau kwao bila budi, Okot angekuwa wa kwanza kupotea. Lugha aliitumia kama chombo, na ndiyo iliyomfikisha Lawino kwa wasomaji wa nchi ambazo hazijui Kiacholi.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Aliongoza jumba la michezo ya kuigiza la taifa Kampala, lakini ukali wa maneno yake dhidi ya wakubwa ulimgharimu kazi hiyo, akahamia Kenya. Kisumu alishiriki kuanzisha tamasha la sanaa. Tangu mwaka 1971 alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali ambapo mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wametaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakutaka Shakespeare achomwe moto. Walitaka mwanafunzi aanze na fasihi ya kwao, simulizi na andishi, kisha atoke kwenda kwa wengine. Utawala wa Idi Amin ulimweka Okot nje ya nchi yake kwa miaka mingi. Alirudi Makerere baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, na mwaka 1982 akawa profesa wa uandishi wa kubuni. Hakuifaidi kazi hiyo. Alifariki Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 51.

Ndugu zangu, simfanyi Okot kuwa shekhe. Hakuwa Muislamu, na mengine aliyoandika kuhusu dini siyakubali. Lakini hilo nalo ni sehemu ya somo. Maulamaa wetu walihifadhi mashairi ya zama za jahiliya kwa sababu yaliwasaidia kuelewa maneno ya Qur'ani, na hawakuyafanya kuwa imani yao. Msomaji mwenye mizizi anaweza kukaa na kitabu asichokubaliana nacho, akachukua cha kumfaa na kuacha kingine, akijua kwa nini anakiacha. Anayeogopa kila kitabu na anayeabudu kila kitabu wana ugonjwa mmoja: hawajui wao ni nani.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Kabla ya kufungua kitabu cha kwanza kwenye orodha yenu, andikeni hadithi au kitendawili kimoja mlichopewa na bibi au babu. Msomapo Shakespeare au mwandishi mwingine yeyote, mfanye kama Lawino: muulizeni anasema nini, kwa nani, na nani amenyamazishwa. Wala msione haya kwa Kiswahili chenu. Zamani mjini Kigali kilionekana kuwa lugha ya mitaa ya Waislamu tu, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi.

Likizo iliyopita nilimpelekea mama Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili. Alisoma jioni nzima, akicheka peke yake jikoni. Hakuniuliza tena swali lile. Aliniuliza kama chuoni wameshaandika vitendawili vya bibi. Nikamwambia bado, na kwamba kazi hiyo nimeianza mimi. Bibi ana miaka 81, na kila Jumapili nakwenda Biryogo na daftari.