Woody Hayes: yadi tatu zilimjenga, yadi tatu zikamwangusha

Barazani kwetu hapa Kisauni kuna kesi. Kocha wa timu yetu ya mtaa, mzee aliyenifundisha mimi mpira nikiwa kijana mdogo miaka ya tisini, bado anacheza mtindo ule ule wa wakati ule. Golikipa apige mbele, mshambuliaji mrefu agonge kichwa, wengine wakimbilie. Zamani mtindo huo ulituletea vikombe. Siku hizi vijana wa mitaa mingine wanapasiana chini, wanatuzungusha, na sisi tunarudi nyumbani na mabao manne. Mashabiki wamechoka. Jumapili iliyopita mzee alimshika kola mchezaji wa timu pinzani, mtoto wa watu wa miaka 17, ikabidi tuingie uwanjani kumtoa. Usiku ule, baada ya sala ya Isha, wenzangu wakaniteua mimi niende nikaseme naye.

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria mtu mmoja aliyefariki zamani, wala hakuwa wa huku kwetu. Anaitwa Woody Hayes, kocha wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Habari zake nilizipata kwanza kwa shemeji yangu anayeishi Columbus, mji wenye Wasomali wengi, baadhi yao waliopitia hapa Kenya kabla ya kufika huko. Shemeji alikwenda hajui hata kanuni moja ya mpira wa Kimarekani. Leo, Jumamosi Ohio State ikicheza, hapokei simu ya mtu. Yeye ndiye aliyenitia hamu, nami nikafuatilia mwenyewe.

Kwanza nikueleze mchezo wenyewe, ndugu msomaji, maana si kandanda yetu. Unafanana zaidi na raga. Mpira ni wa umbo la yai, na uwanja una yadi 100 kati ya mistari ya mwisho. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuna njia mbili za kusogea: kumpa mtu mpira akimbie nao, au kuurusha mbele kwa mwenzake aliyekaa pazuri. Kukimbia ni salama lakini ni polepole. Kurusha kunaweza kukupa yadi 40 kwa mara moja, ila mpira unaweza kudondoka, au mpinzani akaudaka.

Hayes alichagua kukimbia. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Ukipata yadi tatu kila jaribio, majaribio manne yanakupa 12, nawe ulihitaji 10. Huna haja ya kubahatisha. Unachohitaji ni majitu yenye nguvu mbele, mkimbiaji asiyeogopa kuumia nyuma yao, na mazoezi mpaka mwili ujue kazi bila kuambiwa. Watu wakaupa mtindo huo jina la yadi tatu na wingu la vumbi, kwa sababu kila baada ya mgongano ndicho kilichobaki kuonekana.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1913 katika jimbo hilo hilo la Ohio. Baba yake alikuwa msimamizi wa shule katika mji mdogo wa Newcomerstown, na nyumbani kwao vitabu vilikuwa na heshima. Akasoma chuo cha Denison, akawa mwalimu. Mwaka 1941 akajiunga na jeshi la majini, akaongoza meli za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mambo ya kijeshi hayakumtoka tena. Maisha yake yote alisoma historia ya vita, na mpira kwake ulikuwa ni kuteka ardhi ya adui hatua kwa hatua.

Baada ya vita alifundisha timu ya Denison, kisha ya Miami, chuo kingine cha Ohio, na mwaka 1951 akachukuliwa na Ohio State. Kazi hiyo ilikuwa imepewa jina la kaburi la makocha, kwa jinsi mashabiki wake walivyokuwa wagumu kuridhika. Kufikia mwaka 1954 timu yake ilishinda mechi zote 10 na kuwa bingwa wa taifa. Akarudia mwaka 1957. Mwaka 1961 walimaliza msimu bila kushindwa, na chuo kinaihesabu timu hiyo pia kuwa bingwa. Lakini mwaka huo walimu wa chuo walipiga kura kuizuia timu isiende kwenye mechi kubwa ya Rose Bowl kule California, kwa kuhofia mpira umeanza kuimeza elimu. Wanafunzi wakamiminika barabarani kwa hasira. Hayes, ambaye uamuzi ule ulimuuma kuliko wote, alijizuia asiwatukane walimu wenzake.

Nalisema hili kwa sababu wengi wanamjua kwa jambo moja tu, la mwisho. Mtu huyu alikuwa mwalimu kwelikweli. Aliwabana wachezaji wake wamalize masomo. Alikataa nyongeza za mshahara. Alizoea kwenda hospitali kuwaona wagonjwa asiowajua, bila kuita waandishi wa habari. Alisafiri mpaka Vietnam kuwatembelea askari. Mashabiki walipomlalamikia mtindo wake, walikuwa wanamlalamikia mtu waliyempenda, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kocha mbaya humfukuza ukalala usingizi.

Malalamiko yalikuja mapema kila alipoteleza. Mwaka 1959 alishinda mechi 3 tu kati ya 9, na mwaka 1966 alishinda 4 kati ya 9. Kila mara aliwajibu kwa ushindi. Mwaka 1968, akiwa na kundi la vijana wa mwaka wa pili, alishinda mechi zote, akawalima mahasimu wao Michigan 50 kwa 14, akachukua tena ubingwa. Hebu fikiria: umeambiwa mara mbili mbinu yako imepitwa na wakati, na mara mbili umewanyamazisha waliosema. Mara ya tatu utamsikiliza nani?

Mara ya tatu ilianza mwaka 1969. Michigan walimwajiri Bo Schembechler, aliyekuwa mchezaji wa Hayes, kisha msaidizi wake. Mwanafunzi alimjua mwalimu wake kama kiganja cha mkono. Mwaka ule ule wa kwanza aliifunga Ohio State, iliyokuwa haijashindwa, 24 kwa 12. Kwa miaka kumi wawili hao walivutana. Bo akashinda mara tano, Hayes mara nne, na mara moja wakatoka sare. Uhasama ulikuwa mkubwa hata husimuliwa kwamba Hayes alikuwa tayari kuisukuma gari yake mpaka mpakani kuliko kununua petroli katika jimbo la Michigan.

Haki isemwe: Bo naye alipenda kukimbia na mpira. Kukimbia peke yake si kosa. Kilichowauma mashabiki ni kwamba timu yao ilitabirika. Ukitaka kuona, tazama mechi za Rose Bowl. Januari 1971 Ohio State waliingia bila kushindwa, wakakutana na Stanford na mrushaji wao hodari Jim Plunkett, wakapigwa 27 kwa 17. Januari 1976 hali ikawa ile ile. Hayes alikuwa na Archie Griffin, mkimbiaji pekee aliyewahi kushinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora mara mbili, 1974 na 1975. Walikuwa hawajashindwa. Wapinzani wao UCLA walikuwa wamechapwa nao 41 kwa 20 miezi michache nyuma. Kipindi cha pili UCLA wakaanza kurusha mpira, na Ohio State wakalala 23 kwa 10. Ubingwa wa taifa ukapotea mikononi.

Griffin alipoondoka, pazia likafunguka. Mwaka 1976 walifungwa na Michigan 22 kwa 0. Mwaka 1977, 14 kwa 6. Mwaka 1978, 14 kwa 3. Katika mechi hizo tatu Ohio State hawakuvuka mstari wa mwisho hata mara moja. Pointi 9 walizopata zote zilikuwa za mateke. Keti wewe miongoni mwa watu zaidi ya 80,000, miaka mitatu, ukitazama yadi tatu, yadi tatu, kisha mpira unakwenda kwa Michigan. Si ajabu walipandisha sauti.

Wakati huo huo mwili na hasira vilikuwa vinamtangulia. Mwaka 1974 alipatwa na mshtuko wa moyo. Hasira alikuwa nazo tangu zamani, alizoea kuvunja vitu vyake mwenyewe mazoezini, lakini sasa zilianza kuwafikia watu. Mwaka 1977, katika mechi ya Michigan, alimpiga mpiga picha wa televisheni, na viongozi wa ligi wakampa onyo. Wakubwa wa chuo walikuwa nalo jambo hilo mbele ya macho yao. Nani angemwambia mzee aliyewajengea jina?

Mwaka 1978 alijaribu kubadilika. Alimpa uongozi wa mashambulizi kijana wa mwaka wa kwanza, Art Schlichter, mrushaji aliyesifika nchi nzima. Lakini kubadilika kwa kuchelewa hakuna tofauti na kujifunza kuogelea jahazi likishazama. Katika mechi ya kwanza, dhidi ya Penn State, mipira mitano ya kijana huyo ilidakwa na wapinzani, wakafungwa 19 kwa 0. Msimu ukaisha na ushindi 7 tu.

Tarehe 29 Desemba 1978 walicheza na Clemson katika mechi ya Gator Bowl, Jacksonville, Florida. Walikuwa nyuma 17 kwa 15, dakika za mwisho, wamekaribia kupata pointi za ushindi. Schlichter akarusha. Mchezaji wa Clemson, Charlie Bauman, akaudaka, akakimbia akatolewa nje upande wa benchi la Ohio State. Hayes akamfuata akampiga ngumi, taifa zima likitazama. Asubuhi yake, akiwa na umri wa miaka 65 na ushindi 205 katika chuo hicho, akafukuzwa.

Kuna kocha mwingine wa zama zake aliyekwenda njia nyingine. Bear Bryant wa Alabama naye alikuwa mzee mwenye jina. Mwaka 1969 na 1970 alishinda mechi 6 tu kila msimu, na mashabiki wakasema zama zake zimekwisha. Akajifunza mfumo mpya kutoka kwa kocha wa Texas, Darrell Royal, akawafunza vijana wake kwa siri, na mwaka 1971 akashinda mechi zote 11 za msimu wa kawaida. Na mfumo huo, utashangaa, ulikuwa wa kukimbia! Hakuacha anachokipenda. Alikubali tu kuwa mwanafunzi tena.

Watu wa Ohio hawakumtupa Hayes. Chuo kilimpa ofisi katika jengo la masomo ya kijeshi. Mwaka 1983 bendi ya chuo, ambayo huandika neno Ohio uwanjani kwa mistari ya wapigaji wake, ilimpa heshima ya kuwa nukta ya herufi ya tatu, na uwanja mzima ukasimama. Alifariki tarehe 12 Machi 1987. Mazishini alizungumza Richard Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani.

Sasa narudi Kisauni. Vijana wetu nao wasidhani wana haki yote. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na si kila pasi fupi ni maarifa. Lakini tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tukasahau kwamba mkuu naye ana guu. Nikimsoma Hayes, simlaumu yeye peke yake. Nawatazama waliomzunguka, walionung'unika viwanjani na kumchekea usoni, mpaka ngumi ikasema kwa niaba yao.

Kwa hivyo inshallah kesho baada ya Isha nitakwenda kwa mzee. Nitachukua kahawa na halua kidogo. Sitamwambia aondoke. Nitamwomba amkubali kijana mmoja awe msaidizi wake, amsikilize, na yeye abaki kutufundisha adabu na pumzi, mambo ambayo hakuna anayemshinda. Akinifukuza, nitarudi kesho kutwa. Afadhali anune na mimi barazani kuliko ile kola ya Jumapili igeuke kuwa ngumi, watu wa mtaa wamkumbuke kwa hiyo tu.