Maisha ya Marehemu Mohandas Gandhi, Wakili wa Vibarua

Marehemu Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, Bara Hindi, mwaka 1869, akasomea sheria London. Mwaka 1893 alifika Durban kwa kesi ya wafanya biashara.

Mwaka uliofuata aliingia ofisini mwake kibarua wa mkataba, jina lake Balasundaram, nguo zimeraruka, meno mawili yamevunjika, kilemba mkononi, kwani vibarua walilazimishwa kuvua vilemba mbele ya Wazungu. Alipigwa na tajiri wake. Gandhi alimwomba kwanza akivae kilemba. Kisha akampatia hati ya daktari, akampeleka kwa hakimu. Kwa sheria ya Natal, kibarua aliyemtoroka tajiri alifungwa. Kwa hiyo Gandhi hakutafuta adhabu bali alimtafutia tajiri mwingine, na mkataba ukahamishwa. Tangu hapo vibarua wakammiminikia.

Mwaka 1895 Natal ilitunga sheria ya kuwatoza pauni 3 kila mwaka waliomaliza mkataba wakataka kubaki. Hapo awali zilitakwa pauni 25! Maombi ya miaka mingi hayakuiondoa kodi hiyo. Mwaka 1913 vibarua wa migodi ya makaa na mashamba ya miwa waligoma kwa maelfu; Gandhi akaongoza zaidi ya watu 2,000 kwa miguu hadi Transvaal, akafungwa. Mwaka 1914 kodi ikafutwa.

Tusifiche kwamba siku zile hakuwatetea Waafrika wenyeji, ambao nao walilemewa na kodi.

Alirudi kwao, akauawa Delhi tarehe 30 Januari, 1948.