Apolo wa Boga: jembe, mkuki na minyororo

Tarehe 30 ya mwezi wa tano, kila mwaka, ndugu zetu Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya. Kwetu Manguredjipa wengi tunasikiaka jina tu. Lakini Boga yake iko jirani, kule Ituri, juu ya bonde la Semuliki, na mateso ya Boga tunayajua. Mwaka 2021, usiku uliofuata siku ile ya Apolo, Boga na Tchabi zilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Mwaka 2024 waasi wa ADF wakafika mpaka Bapere yetu, tukaacha mashimo na kukimbilia Butembo. Ndiyo maana tunaona vizuri kueleza maisha ya huyu mzee.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa sababu alikuwa pacha. Hakuanza kama mtakatifu. Alivuta bangi, alifuata kwanza Uislamu, akabeba silaha katika vita vya dini vilivyopasua Buganda. Mwaka 1895 akabatizwa Apolo. Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, ni jina la utani sababu ya koti jekundu la askari alilokuwa anavaa. Alikuwa na mchumba. Mchumba akafa, naye hakuoa.

Mwaka 1896 akafika Boga. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi, kwa kuwa chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo akashika jembe, akalima shamba lake mwenyewe. Sisi wachimbaji jambo hili tunalielewa haraka: mtu anayekula jasho lake, ni ngumu kumfukuza kwa njaa. Tabaro naye hakupenda mafundisho yake juu ya pombe na wake wengi.

Halafu ikaja siku ya mkuki. Mkuki wa Apolo ulikuwa chini katika majani. Dada ya Tabaro akajikwaa, akauangukia, akafa. Mara moja Apolo akaitwa muuaji.

Hapa tusimame kidogo. Kwetu shimo likianguka na mtu akabaki ndani, matanga hayajaisha na lawama imekwisha kupata mwenyewe. Mara ni mkubwa wa ekipe, mara ni mjane, wanasema ni mchawi. Sisi wa komite ya sendika tunajaribu kuingia katikati, tutazame kwanza miti iliyoshikilia shimo, maji, na nani aliagiza watu washuke. Mwaka mmoja tulichelewa. Kijana aliyekuwa anashika kamba alikimbia usiku, na mpaka leo wazazi wake wanatuuliza.

Apolo hakukimbia. Walimpiga, wakamfunga minyororo, wakamvusha mpaka Fort Portal kwa Waingereza, akatiwa gerezani. Katika siku zile za mateso alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimwambia asiogope kwa maana yuko pamoja naye. Jambo hilo alilishuhudia maisha yake yote. Kesi ikakosa ushahidi, wakamwachilia. Angeweza kurudi kwao Buganda, hakuna mtu angemcheka. Yeye akarudi Boga, kwa watu walewale waliompiga. Na Tabaro mwenyewe mwishowe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Tuko na neno hapa, hata kama wachungaji wengine hawatalipenda. Kuna wanaomwambia mchimbaji kwamba mateso ni zawadi, avumilie, asiulize mizani wala bei. Apolo hakuitafuta minyororo, wala hakuiita nzuri. Alichokipata mle gerezani ni kujua anaishi kwa ajili ya nani, na alipotoka akaenda kuwafanyia kazi. Hayo si mambo mamoja.

Alifanywa shemasi mwaka 1900, padri mwaka 1903, akatumika miaka mingi Toro, kisha akarudi tena Boga. Mwaka 1921, akiwa anakaribia miaka 60, umri ambao wengi wetu kifua kimekwisha kuharibika kwa vumbi, aliingia porini kwa Wambuti. Alisema pale pia Yesu ndiye aliyemtuma. Akakaa nao katika vibanda vyao vya majani, akawafundisha, akawabatiza. Wambuti hao hao ambao sisi, tukubali tu, tunawabebesha mizigo kwenda karieri na kuwalipa kitu bure.

Mwaka 1933 moyo ukachoka. Aliomba afie Boga, akafa tarehe 30 ya mwezi wa tano. Desturi ya kwao Buganda ingetaka kichwa cha maiti kielekee mashariki, upande wa nyumbani. Yeye aliagiza kabla ya kufa kwamba kichwa chake kielekee magharibi, kwenye pori, kwa sababu kule kazi ilikuwa bado haijaisha. Wakamzika hivyo.