Michael Faraday, Mwanagenzi Aliyempita Fundi Wake

Chama chetu kitimizapo miaka 10, tumeona yafaa kuwakumbusha wanachama na maofisa habari za mtu aliyeipata elimu yake kwa kazi ya mikono, chini ya uangalizi wa mafundi.

Michael Faraday alizaliwa karibu na London, Uingereza, mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, na shuleni mtoto hakupata ila kusoma, kuandika na hesabu. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa uanagenzi kwa Bwana George Riebau, mjalidi vitabu, akatumika miaka 7. Riebau hakumzuia kusoma vitabu alivyovishona. Na kila alilolisoma, kijana alilijaribu kwa vyombo vya bei ndogo.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kumsikiliza Sir Humphry Davy, bingwa wa kemia. Faraday aliyaandika mafundisho yale, akayajalidi mwenyewe, akampelekea. Machi 1813 nafasi ilipopatikana katika Royal Institution, Davy alimchukua awe msaidizi wake, kazi yake kutayarisha vyombo na kuvisafisha.

Lakini njia haikuwa nyepesi. Katika safari yao ya Ulaya, 1813 hadi 1815, ilimpasa kuwa pia mtumishi, na mke wa Davy alimdharau hata akataka kurudi kwao. Alistahimili, kwa kuwa kila siku aliutazama ustadi wa bwana wake. Mwaka 1824 Davy mwenyewe alipinga asichaguliwe katika Royal Society. Hata hivyo alichaguliwa, wala hakuacha kumheshimu mwalimu wake.

Mwaka 1831 Faraday alivumbua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa huzaa umeme. Juu ya msingi huo zimejengwa mashine zinazozalisha umeme kwa nguvu ya maji mpaka leo. Alifariki mwaka 1867.

Basi sisi tunajifunza mawili. Kijana aliyewekwa penye mizani, au penye mashine ya kuchambua pamba, asiidharau kazi ndogo, maana ndiyo shule yake. Na mzee mwenye ujuzi asiufiche kwa kuogopa kupitwa. Riebau alifungua mlango, na Davy pia; kosa la Davy lilikuwa kutaka kuufunga baadaye. Chama ambacho mafundi wake hawarithishi kazi, huzikwa pamoja nao.