Kadinali Newman: Mlezi wa Imani Mlangoni pa Chuo Kikuu

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wazazi wenye watoto wadogo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza malezi hayo hukomea wapi pindi mtoto huyo anapotimiza miaka kumi na minane, akafunga sanduku lake na kushika njia ya chuo kikuu. Nyumbani kwao amewaacha wazazi. Kanisani au msikitini amewaacha walimu waliomjua kwa jina. Huko aendako atawakuta wahadhiri watakaomfunza tiba, sheria au fasihi, lakini kumuuliza kama bado anasali si kazi yao. Je, nani atamlea kiimani katika miaka hiyo ambayo akili yake inapanuka kuliko wakati mwingine wowote?

Swali hili lilimshughulisha John Henry Newman, Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, kwa zaidi ya miaka sitini. Wengi wanamjua Newman kama kadinali na mwandishi. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa uzi mmoja tu, yaani juhudi zake za kuwafundisha dini vijana wa chuo kikuu. Mara tatu aliipata kazi hiyo au akaikaribia, na mara tatu ikamponyoka.

Newman alizaliwa jijini London tarehe 21 Februari 1801, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto sita. Babake alikuwa na hisa katika benki. Mwaka wa 1816 benki hiyo ilisimamisha malipo, na hali ya familia ikabadilika ghafla. Wakati wa likizo ya mwaka huo kijana John alibaki shuleni Ealing, mgonjwa na mpweke. Aliyemkaribia ni mwalimu wake mmoja, Walter Mayers, aliyekuwa pia kasisi. Mwalimu huyo alizungumza naye kuhusu Mungu na kumpa vitabu vya dini avisome. Newman alikiri baadaye kwamba imani yake ilizaliwa upya katika miezi hiyo. Yamkini hapo ndipo alipojifunza somo ambalo hakulisahau, kwamba imani ya kijana huwashwa na mtu anayemjua na kumjali.

Mwaka wa 1817 alianza masomo katika Chuo cha Trinity, Oxford. Alisoma kwa bidii iliyopita kiasi. Mtihani wa mwisho ulipofika mwaka wa 1820 alikuwa amechoka hoi, na matokeo yake yakawa duni mno kwa mwanafunzi aliyetarajiwa kung'ara. Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1822 alijitosa katika mtihani mgumu wa kuwania nafasi katika Chuo cha Oriel, akafaulu kuwa mmoja wa wasomi wanaokiendesha chuo hicho. Mwaka wa 1825 alitawazwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya ualimu pale Oriel.

Ni muhimu kuielewa kazi hiyo. Katika Oxford ya wakati huo kila mwanafunzi alikuwa chini ya mwalimu wa chuo chake. Walimu wengi walitosheka kuwapitisha wanafunzi katika vitabu vya Kigiriki na Kilatini, kisha wakaagana nao. Newman hakukubaliana na desturi hiyo. Kwake, mwalimu aliyekuwa pia kasisi alikuwa na jukumu la kuilinda roho ya mwanafunzi sawa na anavyoinoa akili yake. Aliwaita wanafunzi wake karibu, akatembea nao na kuzungumza nao nje ya darasa. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, aliona kwamba mtindo huo ungeleta upendeleo na kuvuruga utaratibu. Wala Newman wala Hawkins hakukubali kulegeza msimamo. Kuanzia mwaka wa 1830 Hawkins aliacha kumpelekea wanafunzi wapya, na kufikia mwaka wa 1832 Newman hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Hii ilikuwa mara ya kwanza.

Alibaki na mimbari. Tangu mwaka wa 1828 alikuwa kasisi wa Kanisa la Bikira Maria, ambalo ndilo kanisa la chuo kikuu, katikati ya mji wa Oxford. Kila Jumapili alasiri alihubiri humo. Hakuwa na mbwembwe. Aliyasoma mahubiri yake katika karatasi kwa sauti ya chini, akituatua, bila kurusha mikono. Hata hivyo, vijana walifurika. Hakuna aliyewalazimisha kuhudhuria ibada hiyo ya alasiri, wala haikuwaongezea alama yoyote katika mitihani. Husimuliwa kwamba baadhi ya vyuo vilibadilisha saa ya chakula ili wanafunzi washindwe kwenda kumsikiliza. Kama ni hivyo, basi wapo waliochagua mahubiri wakakosa chakula. Hivyo, darasa alilonyimwa Oriel lilijiunda lenyewe hatua chache tu kutoka lango la chuo.

Mwaka wa 1833 Newman na wenzake, miongoni mwao John Keble na Hurrell Froude, walianza kuchapisha vijitabu vya kulihimiza Kanisa la Uingereza lirejee kwenye mafundisho ya Wakristo wa karne za mwanzo. Vuguvugu hilo likaitwa Vuguvugu la Oxford. Lakini kadiri alivyowasoma mababa wa kale ndivyo alivyozidi kuingiwa na shaka kuhusu kanisa lake mwenyewe. Kijitabu cha 90, alichokitoa mwaka wa 1841, kilizua kishindo na kulaaniwa na maaskofu. Alihamia kijiji cha Littlemore, nje kidogo ya mji, na mwaka wa 1843 akaiacha mimbari yake. Tarehe 9 Oktoba 1845, padre Mwitaliano aitwaye Dominic Barberi alimpokea katika Kanisa Katoliki.

Uamuzi huo ulimgharimu sana. Wakati huo hakuna mtu aliyeweza kuandikishwa Oxford bila kutia sahihi Vifungu 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza. Kwa kuwa Mkatoliki, Newman alipoteza nafasi yake, mapato yake na wengi wa marafiki zake. Mapema mwaka wa 1846 aliondoka Oxford, na miaka thelathini na miwili ikapita kabla ya kukanyaga tena mji huo ambao minara yake aliipenda kama mtu apendavyo kwao. Alipata upadre jijini Roma mwaka wa 1847, na mwaka uliofuata akaanzisha nchini Uingereza jumuiya ya mapadre wa Oratori, ambayo hatimaye ilipata makao jijini Birmingham.

Mlango wa pili ulifunguka Ayalandi. Mwaka wa 1845 serikali ya Uingereza iliunda vyuo vitatu huko, katika miji ya Belfast, Cork na Galway, ambavyo havikufundisha dini ya dhehebu lolote. Maaskofu Wakatoliki walivipinga katika mkutano wao wa Thurles mwaka wa 1850, wakaazimia kuunda chuo kikuu chao. Askofu Mkuu Paul Cullen alimwomba Newman akiongoze. Mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka wa 1852 kuhusu maana ya chuo kikuu ingali inasomwa na wengi wanaotafiti elimu ya juu. Katika mihadhara hiyo alishikilia kwamba elimu ina thamani yake yenyewe, na kwamba kuiondoa dini katika jumla ya maarifa ni kuyapunguza maarifa hayo. Wakati huohuo alikataa dhana kwamba chuo kikuu ni seminari. Ukweli, kwa maoni yake, haupingani na ukweli, kwa hivyo mwanasayansi hana haja ya kuchungwa na padre katika maabara yake.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilifungua milango tarehe 3 Novemba 1854 kikiwa na wanafunzi wasiozidi ishirini. Newman hakuwakusanya katika bweni moja kubwa. Aliwagawa katika nyumba ndogondogo mjini, kila nyumba ikiwa na msimamizi na padre wake, naye mwenyewe akawa mkuu wa mojawapo, akiishi na vijana. Mnamo 1855 alianzisha shule ya tiba, na mwaka wa 1856 likafunguliwa kanisa la chuo kikuu kando ya bustani ya St Stephen's Green. Kwa muundo huu, mwanafunzi alitoka kwenye mhadhara wa tiba, akarudi katika nyumba ambamo aliweza kuuliza maswali ya imani bila kuona haya.

Hata hivyo, mambo hayakumwendea vyema. Serikali ilikataa kukipa chuo hicho kibali cha kutoa shahada, kwa hivyo wazazi wengi walisita kuwapeleka watoto wao. Cullen aliona nidhamu ya wanafunzi imelegea. Newman aliona kwamba kijana asiyepewa uhuru wowote chuoni ataanguka siku ya kwanza atakapoupata. Newman alitaka walei washirikishwe katika kusimamia fedha, maaskofu hawakutaka. Mwaka wa 1858 alijiuzulu. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mara ya tatu ndiyo iliyomwumiza zaidi. Sheria ya mwaka wa 1854 ilikuwa imeondoa sharti la kiapo cha dini kwa wanaoingia Oxford, na familia za Kikatoliki zikaanza kuwapeleka vijana wao. Je, wazuiwe wasiende, au wafuatwe huko huko? Newman alikuwa na jibu. Mwaka wa 1864 alinunua ardhi Oxford akikusudia kujenga nyumba ya Oratori ambayo ingewalea wanafunzi hao karibu na vyuo vyao. Wapinzani wake, akiwemo Henry Edward Manning, waliona kwamba uwepo wake ungewavutia vijana Wakatoliki kwenye chuo kisicho chao. Mpango ulikwama, naye akaiuza ardhi hiyo. Ulipofufuliwa mwaka wa 1866, idhini ilitoka Roma, lakini iliandamana na agizo la siri kwamba Newman mwenyewe azuiwe kuishi Oxford. Alilipata agizo hilo mwaka wa 1867, wakati watu walikuwa wamekwisha kuchangia fedha. Alirudisha michango, akanyamaza. Mwaka uo huo Roma iliwashauri wazazi Wakatoliki wasiwapeleke wana wao katika vyuo hivyo.

Subira huvuta heri, japo wakati mwingine heri hufika mwenyewe akiwa mzee. Mnamo Desemba 1877 Chuo cha Trinity kilimteua kuwa mshiriki wake wa heshima, wa kwanza katika historia ya chuo hicho, na Februari 1878 akarudi Oxford. Mwaka wa 1879 Papa Leo XIII alimfanya kadinali, na wingu la kushukiwa likaondoka. Alifariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890.

Yaliyofuata hakuyaona. Mwaka wa 1893, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, wanafunzi Wakatoliki wakiongozwa na Timothy Harrington waliunda chama cha kujifunza dini yao, wakakipa jina la Newman. Mfano huo ulienea, na leo vituo vya Newman vyenye kanisa na vyumba vya mafunzo vinapatikana karibu na vyuo vikuu vingi vya Marekani na kwingineko. Mwaka wa 1895, miaka mitano tu baada ya kifo chake, Roma iliwaruhusu Wakatoliki kusoma Oxford na Cambridge, kwa sharti kwamba wapewe mapadre wa kuwahudumia na mafundisho ya dini. Sharti hilo lilikuwa karibu sawa na ombi alilokataliwa. Alitangazwa mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019, na mwaka wa 2025 akatangazwa mwalimu wa Kanisa.

Maisha haya yana funzo gani kwa msomaji wa Kiafrika? Nasi tuna nyumba za malezi ya namna hiyo. Kanisa la Mtakatifu Paulo liko jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Misikiti na vyama vya wanafunzi wa dini mbalimbali viko katika kampasi zetu nyingi. Swali lililowagawanya Newman na Manning halijaisha. Wapo wanaoamini kwamba kijana hulindwa kwa kukatazwa vitabu, marafiki na maswali. Newman aliamini kwamba hulindwa kwa kusindikizwa, na mtu mwenye elimu inayotosha kuyakabili maswali yake na subira inayotosha kumngoja. Alipokonywa wanafunzi na Waanglikana, kisha na Wakatoliki wenzake, lakini hakuibadilisha imani hiyo. Kwa hakika, jina lake liko mlangoni pa vyuo ambavyo hakuwahi kuvikanyaga.