Kabla Ufunge Hiyo Lenzi, Mjue Mo Amin

Umeona lenzi ya Sigma sekondihendi, bei poa, na unataka kuifunga kwa Canon yako ndio upige ile harusi ya Jumamosi. Tulia kwanza. Kama hiyo Sigma ilitengenezewa Nikon, haiingii, juu ile ringi ya chuma ya kufungia si moja. Adapta ziko. Lenzi ya Nikon F inataka kukaa milimita 46.5 kutoka kwa sensa, ya Canon EF 44, so kunabaki kanafasi ka kuweka adapta katikati. Ukigeuza, lenzi ya Canon kwa bodi ya Nikon, ni noma: vitu vya mbali vinatoka ukungu. Na adapta ya bei ya chini inamaanisha fokasi unazungusha mwenyewe.

Mohamed Amin hakuanza na hiyo stress. Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Tanganyika. Kamera yake ya kwanza, alinunua sekondihendi akiwa bado shule, ilikuwa Box Brownie. Lenzi ya Brownie haitoki. Ukitaka mtu akae karibu, unasonga wewe.

Na Mo alisonga. 1963 alianzisha Camerapix pale Dar. 1966 akafungwa jela Zanzibar. Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Mo alifika chap chap na kamera. Oktoba 1984 alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia. BBC ikaonyesha tarehe 23, dunia ikashtuka, na Julai iliyofuata kukawa na Live Aid.

Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. John Mathai, msee wake wa sauti, akafa. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Sasa fikiria kazi yenyewe: kamera iko begani, mkono mmoja unaishika, mwingine unazungusha lenzi. Alitengenezewa mkono bandia Marekani, na swali likawa kama lako, ila kwa mwili wake: hii kitu ya fundi mwingine itashikana na kamera? Ilishikana. Akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa kwa ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikitoka Addis kuja Nairobi. Mafuta yaliisha, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Walionusurika walimkumbuka akiwa amesimama, akibishana na watekaji.