Tom Mboya na chimbuko la urafiki wa Kenya na Israeli

Kisiwani Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, ndiko alikozikwa Thomas Joseph Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Wengi humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani kuanzia 1959. Ni wachache wanaokumbuka mchango wake katika uhusiano wa Kenya na Israeli, suala ambalo lingali linazua mjadala.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako babake alikuwa mnyapara. Wazazi wake walitoka Rusinga, sehemu ya iliyokuwa Nyanza Kusini, wilaya iliyojumuisha Homa Bay na Migori za leo. Alisomea Kabaa, Yala na Mang'u, akahitimu kuwa mkaguzi wa afya, kisha mnamo 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, KFL.

Wadhifa huo ulimfungulia mlango wa Histadrut, shirikisho la wafanyakazi la Israeli. KFL na Histadrut zote zilikuwa katika ICFTU, muungano wa kimataifa ulioegemea Magharibi. Mwaka 1960, Histadrut ilifungua chuo jijini Tel Aviv cha kuwafunza viongozi wa vyama kutoka Afrika na Asia.

Hata hivyo, urafiki huo ulikuwa na gharama. Cairo ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru, na Jaramogi Oginga Odinga alipata msaada huko. Januari 1961, viongozi waliokutana Casablanca waliishutumu Israeli kuwa chombo cha ubeberu. Mei mwaka huo, mkutano wa vyama vya wafanyakazi katika jiji hilo hilo ulivitaka vyama vya Afrika vijiondoe ICFTU. Mboya alikataa, akishikilia kwamba kutofungamana na upande wowote kunajumuisha haki ya kujichagulia marafiki. Wapinzani wake walimwona kibaraka wa Magharibi.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Mboya akiwa waziri, ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Israeli. Lakini miaka minne baada ya kifo chake, vita vya Oktoba 1973 vililitikisa bara zima. Mnamo Novemba 1, 1973, Kenya ilivunja uhusiano huo, sawa na mataifa mengi ya Afrika. Haikuurejesha hadi Desemba 1988.

Tangu shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, swali la enzi za Mboya limerejea. Nchi changa inaweza kuchagua rafiki kwa manufaa yake, ila haiwezi kukwepa kuulizwa rafiki huyo anamtendea nini jirani yake. Mboya alijibu nusu ya kwanza kwa ujasiri. Nusu ya pili, inayowahusu Wapalestina, aliwaachia waliomfuata.